Bruda Ikizimika Usiku: Tutafute Hitilafu Kabla ya Kutafuta wa Kulaumu



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana wetu anajilinganisha na kuku anayetaka kuwakusanya vifaranga wake chini ya mabawa. Aliyefuga kuku anaelewa hapo bila kuelezwa. Kifaranga wa siku chache hawezi kujipa joto la kutosha. Mama yake akiondoka kwa muda mrefu, anakufa. Sisi tunaonunua vifaranga waliototolewa kwa mashine tumechukua kazi ya mama kuku, na mabawa yetu ni jiko, taa au bruda ya gesi.

Somo letu la leo ni juu ya hiyo bruda ya gesi: kwa nini inakataa kuwaka, kwa nini inazimika, na tufanye nini. Lakini kwanza tusikilize kisa. Asome mtu mmoja kwa sauti, wengine wasikilize.

KISA

Kikundi kimoja cha akina mama, kule juu ambako mwezi wa Julai mtu anaota moto hata saa sita mchana, kilichanga pesa kwa miezi minane. Nyingine wakakopa. Wakanunua vifaranga 250 wa siku moja, bruda moja ya gesi na mtungi wa kilo 13. Hapo awali walitumia jiko la makaa na walichoka na moshi na gharama.

Wakapanga zamu. Kila usiku mama mmoja analala kwenye nyumba ya vifaranga. Usiku wa sita ulikuwa wa baridi kali. Asubuhi waliofika kupokea zamu walikuta bruda imezimika, vifaranga 94 wamekufa, na mama wa zamu amelala fofofo kwenye gunia karibu na mlango. Walimwamsha kwa shida. Alipotoka nje alitapika, akatembea kama mtu asiyeona njia.

Basi, maneno yakaanza. Mmoja akasema alilala kwa uzembe. Mwingine akasema, "Kulala tu hakuwezi kumfanya mtu hivyo, huyo alikuwa amekunywa." Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Kikundi kikakaa, kikaandika kwenye kitabu cha mikutano kwamba mama huyo alipe hasara yote. Yeye hakujibu neno. Akajifunika leso na kwenda zake.

Mimi nilifika siku ya tatu. Nilikuta kikundi kimegawanyika pande mbili, na bruda imewekwa kwenye kona kama mshtakiwa wa pili.

MASWALI YA KUANZA

1. Je, kikundi kilifanya haki? Walijua nini hasa, na walikisia nini?
2. Kama ungekuwa mwenyekiti, ungeuliza nini kwanza?

Zungumzeni kidogo, halafu endeleeni na somo. Mwisho tutarudi kwa huyo mama.

SEHEMU YA KWANZA: NJIA YA GESI

Siku ile niliwaambia akina mama, "Kabla hatujamhukumu mtu, tuihoji bruda." Tukafuata njia ya gesi kuanzia mtungini mpaka kwa kifaranga. Njia hiyo ina vituo sita, na ni vizuri kila mwanakikundi avijue kwa moyo:

Mtungi ndio ghala. Gesi ndani yake iko kama maji, kwa sababu imeshindiliwa.

Regyuleta hupunguza nguvu ya gesi inayotoka ili isije kwa kishindo.

Mpira husafirisha gesi mpaka kwa bruda.

Kidude cha usalama ni kile chenye kitufe cha kubonyeza. Kina kijiti chembamba cha chuma ambacho ncha yake hukaa ndani ya moto. Mafundi wanakiita thamokapo. Ncha ikipata moto, hutoa umeme kidogo sana unaoshikilia mlango wa gesi ubaki wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa, na mlango unajifunga wenyewe. Bila hicho kidude, moto ukizimika gesi ingeendelea kumwagika usiku kucha.

Jeti ni kitundu kidogo mno kinachorusha gesi ichanganyike na hewa.

Kichomeo, wengine wanaita bana, ndipo moto unapowaka. Katika bruda nyingi huwa ni wavu au kigae kinachogeuka chekundu kama kaa la moto.

Hitilafu ikitokea, anza mtungini na uende kituo kimoja baada ya kingine. Usiruke. Anayeruka huishia kununua regyuleta mpya kumbe mtungi umeisha.

SEHEMU YA PILI: HITILAFU NA DAWA YAKE

Hitilafu ya 1: Bruda haiwaki kabisa

Kwanza hakikisha kuna gesi. Usibahatishe kwa kutikisa mtungi. Pima kwa mizani, hata ile ya kupimia viazi. Kwenye bega au shingo ya mtungi umechongwa uzito wa mtungi mtupu. Kwa mfano, kama umeandikwa kilo 13.5 na mizani inasema kilo 19.5, basi umebaki na gesi ya kilo 6.

Pili, angalia kama regyuleta imekaa sawasawa na imefunguliwa. Tatu, fuata mpira kwa mkono wako mpaka mwisho wake. Umekunjika? Umekanyagwa na ndoo? Kama mpira ni mpya au mtungi umebadilishwa sasa hivi, kuna hewa ndani. Itabidi ubonyeze kitufe kwa muda kidogo mpaka gesi ifike.

Kama hayo yote ni sawa na bado hakuna kitu, mara nyingi jeti imeziba. Bruda iliyokaa stoo miezi miwili huwa nyumba ya buibui, na utando mmoja tu unatosha kuziba kitundu. Funga gesi, fungua jeti, ipulize au uioshe kwa maji ya sabuni na uikaushe vizuri. Usiichokoe kwa sindano wala waya! Ukipanua kitundu hicho, gesi itatoka nyingi kuliko hewa na moto utakuwa mbaya. Jeti ikiharibika inunuliwe nyingine ya kipimo kilekile.

Hitilafu ya 2: Inawaka, lakini ukiachilia kitufe inazimika

Hapa wengi hukata tamaa na kufunga kitufe kwa waya au kukikandamiza kwa jiwe. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kumfunga mlinzi kamba halafu wewe ukaenda kulala.

Sababu ya kwanza ni haraka. Ncha ya thamokapo inahitaji muda wa kupata moto. Endelea kubonyeza kwa karibu sekunde 30 baada ya moto kuwaka, halafu achilia polepole. Sababu ya pili ni uchafu. Nyumba ya kuku ina vumbi la maranda, unyoya na mavi makavu, na ncha hiyo hufunikwa na masizi. Ikiwa imepoa, ipanguse kwa kitambaa au msasa laini. Sababu ya tatu ni kwamba ncha imesogea na haiguswi na moto, au nati yake imelegea. Irudishe mahali pake. Kama bado inazima, thamokapo imekufa. Mwite fundi aweke mpya.

Kumbuka: ukijaribu kuwasha mara moja ikakataa, funga gesi, subiri kama dakika 5 hewa isafishike, ndipo ujaribu tena. Gesi ikijikusanya, kiberiti cha pili kinaweza kukuchoma uso.

Hitilafu ya 3: Jioni moto ni mzuri, alfajiri umefifia

Hitilafu hii inawasumbua sana watu wa sehemu za baridi. Gesi iliyo kama maji ndani ya mtungi inahitaji joto ili igeuke mvuke. Joto hilo inalichukua kutoka kwa mtungi wenyewe na hewa iliyo karibu. Ndiyo sababu mtungi unaofanya kazi nyingi huwa baridi, unalowa umande, wakati mwingine hata kuganda nje. Ukifunga bruda kubwa kwenye mtungi wa kilo 6, au mtungi umekaribia kuisha, na nje kuna baridi, mvuke hautoshi. Moto unafifia ingawa gesi bado ipo. Asubuhi jua likipiga, moto unarudi, na watu wanaanza kusema ni uchawi.

Dawa ni kutumia mtungi unaolingana na bruda, na kuubadilisha kabla haujafika mwisho. Usiupashe mtungi joto kwa makaa, mshumaa wala maji ya moto. Usiulaze chali wala kuugeuza kichwa chini. Mtungi husimama wima wakati wote.

Angalia pia regyuleta. Regyuleta ya meko ya jikoni si lazima ifae bruda, kwa sababu nguvu zinazohitajika hutofautiana. Kwenye bruda kuna kibati kinachoeleza nguvu ya gesi inayotakiwa. Kisomeni kabla ya kununua.

Hitilafu ya 4: Moto wa njano na masizi

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Kwa bruda ya wavu au kigae, uso wote unakuwa mwekundu sawasawa bila ndimi za moto kutoka nje. Ukiona ndimi za njano zinarukaruka, masizi meusi juu ya bruda, au wavu mwekundu upande mmoja na mweusi upande mwingine, ujue gesi haiungui vizuri. Haipati hewa ya kutosha. Ama vumbi limeziba matundu ya kuingizia hewa, ama jeti imeharibika, ama nyumba yenyewe haina hewa.

Zima na usafishe. Bruda katika nyumba ya kuku hupanguswa vumbi kila siku ikiwa imezimwa na imepoa, na husafishwa yote kabla ya kila kundi jipya la vifaranga. Moto ukiendelea kuwa wa njano, usilale nao. Hitilafu hii ndiyo inayoua watu, na tutaieleza zaidi katika sehemu ya tatu.

Hitilafu ya 5: Harufu ya gesi

Gesi yenyewe haina harufu kali. Ile harufu inayonuka kama kitu kilichooza huwekwa makusudi kiwandani ili tujue inapovuja. Basi pua ikikuambia, amini pua.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa chini, ikajikusanya kwenye mashimo na pembe za nyumba, palepale penye vifaranga na maranda. Ukisikia harufu:

– Funga mtungi.
– Usiwashe wala kuzima taa ya stima, usiwashe kiberiti, usiguse simu.
– Fungua milango na madirisha, toa watu nje.
– Rudi tu wakati harufu imekwisha kabisa.

Halafu tafuta mahali panapovuja. Chukua maji ya sabuni yenye povu, pakaza kwenye viungo vyote na urefu wote wa mpira, kisha fungua gesi bila kuwasha moto. Panapotoa mapovu ndipo penye shida. Nimewahi kuona mzee mmoja akitafuta mvujo kwa kiberiti. Aliupata, na nyusi zake zikaisha siku hiyo hiyo.

Panya hupenda kuguguna mpira, na kuku wakubwa huudona. Upitisheni juu, mbali na sakafu. Mpira uliopasuka haufungwi kwa utepe wala nailoni, hutupwa. Na bruda ining'inizwe kwa mnyororo, kamwe isining'inie kwa mpira wake.

Hitilafu ya 6: Bruda ni nzima, lakini vifaranga wanalia

Hapa wasomi wetu ni vifaranga wenyewe. Simama mlangoni kimya dakika 2 na uwaangalie:

– Wamerundikana katikati chini ya bruda na wanalia kwa sauti: wanaona baridi. Teremsha bruda au ongeza moto.
– Wamekimbilia kando, midomo wazi, mabawa yameachia: wana joto jingi. Pandisha bruda.
– Wote wamejibanza upande mmoja: kuna upepo unaingia upande ule mwingine. Zuia upepo huo usawa wa vifaranga.
– Wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala: asante Mungu, hapo ni sawa.

Mwenye kipimajoto akining'inize usawa wa mgongo wa kifaranga, pembeni mwa bruda. Wiki ya kwanza kiwe kati ya nyuzi 32 na 35. Kila wiki punguza kama nyuzi 3, mpaka ufikie nyuzi 21 hivi. Bruda iwashwe siku moja kabla vifaranga hawajafika, ili maranda na sakafu vipate joto. Ukuta wa kuwazunguka uwe wa mviringo, kwa sababu kwenye pembe hurundikana na kukanyagana mpaka kufa.

SEHEMU YA TATU: HEWA NI UHAI

Sasa turudi kwa kisa chetu.

Siku ile tulianza na mtungi. Tulipima, tukakuta bado una gesi. Regyuleta ilikuwa sawa. Mpira tuliupakaza sabuni, hakuna povu. Tulipofika kwenye kichomeo, mweka hazina akapitisha kidole, kikatoka cheusi tititi. Matundu ya hewa yalikuwa yamejaa vumbi la maranda. Kumbe tangu bruda inunuliwe hakuna aliyeambiwa kwamba husafishwa.

Halafu nikaomba tuione nyumba. Kwa sababu ya baridi, akina mama walikuwa wamefunika madirisha yote kwa nailoni na kuziba ule upenyo chini ya mabati kwa magunia. Mlango nao ulikuwa umetundikwa blanketi kwa ndani. Walifanya hivyo kwa upendo, ili vifaranga wasipate baridi. Lakini hapakuwa na tundu la hewa hata moja.

Nikamwomba mwenyekiti atume mtu amwite yule mama. Alikuja akasimama mbali. Nikamwuliza, "Mama, usiku ule ulijisikiaje?" Akasema polepole: "Kichwa kilianza kuniuma saa nne usiku. Nikadhani ni baridi. Nikaona moto umekuwa wa njano, nikataka kuamka niwaite wenzangu, miguu ikakataa. Sikumbuki tena."

Watu wote walinyamaza.

Moto wa gesi, makaa au kuni usipopata hewa ya kutosha hutoa sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Ile harufu ya gesi inayovuja ni kitu kingine kabisa. Sumu hii unaivuta bila kujua, nayo inachukua nafasi ya hewa safi katika damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea, na kuchanganyikiwa kama mlevi. Halafu usingizi. Wengi hawaamki.

Huyo mama hakuwa mzembe, wala hakuonja pombe. Alikuwa akifa mbele ya vifaranga wetu, na sisi tukamwandikia faini. Moto ulipodhoofika sana, ncha ya thamokapo ilipoa na kidude cha usalama kikafunga gesi. Vifaranga walikufa, lakini kuzimika kwa moto huenda ndiko kulikomwokoa. Kama mtu angekuwa amekandamiza kitufe kile kwa jiwe, tungekuwa na matanga badala ya mkutano.

Basi, yashikeni haya:

1. Nyumba ya bruda iwe na upenyo wa hewa juu, karibu na paa, pande mbili, usiku na mchana. Pazia la dirisha lifungwe kuanzia chini kwenda juu na kuacha nafasi juu. Tunazuia upepo unaowapiga vifaranga, hatuzuii hewa.

2. Mtu wa zamu asilale ndani ya nyumba ya vifaranga. Alale chumba kingine karibu, na aingie kuangalia kila baada ya saa 2 au 3.

3. Mtungi ukae nje, kivulini, wima, umefungiwa vizuri usiibwe, na mpira upitie ukutani ndani ya bomba la kuukinga.

4. Gesi ikiisha usiku, msikimbilie kuingiza jiko la makaa kwenye nyumba iliyozibwa. Makaa hutoa sumu hiyo hiyo, tena nyingi. Hata jiko linaloonekana limeisha moshi.

5. Ukimkuta mtu amezirai ndani, fungua mlango wazi, vuta hewa safi nje, mtoe upesi, usikae humo. Mpelekeni hospitali mara moja hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Kumnywesha maziwa hakuondoi sumu hii.

SEHEMU YA NNE: HESABU NA MPANGO

Katika Injili hiyo hiyo ya Mathayo, sura ya 25, kuna wale wanawali kumi waliokuwa na taa. Watano hawakubeba mafuta ya akiba, na usiku wa manane taa zao zikaanza kuzimika. Kikundi kisichojua bruda yake inakula gesi kiasi gani kiko pamoja na wale watano.

Hesabu ni rahisi. Angalieni kwenye kibati bruda ina nguvu ya kilowati ngapi. Kwa kila kilowati 1, bruda inayowaka kwa nguvu zote hula karibu gramu 80 za gesi kwa saa. Kwa saa 24 hiyo ni karibu kilo 2. Kwa hiyo bruda ya kilowati 1 itakula mtungi wa kilo 13 kwa siku 6 na zaidi kidogo, na wa kilo 6 kwa siku 3. Ya kilowati 2 itamaliza kwa nusu ya siku hizo. Mkipunguza moto mchana, zitaongezeka. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuagiza vifaranga, si baada. Na mtungi wa akiba uwepo kabla ya kifaranga wa kwanza kuingia.

Mnunue gesi kwa muuzaji mwenye kibali. Angalieni lakiri kwenye mdomo wa mtungi, na mpime uzito hapo hapo dukani. Anayewajazia gesi nyuma ya nyumba kwa bei nafuu anacheza na roho za watu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori lililobeba gesi lililipuka mahali pa kujazia mitungi pasipo na kibali. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na nyumba za majirani zikaungua.

Kila kikundi kiwe na daftari la bruda. Kila mtu wa zamu aandike: saa aliyoingia, rangi ya moto, jinsi vifaranga walivyokaa, uzito wa mtungi asubuhi, na jambo lolote alilohisi mwilini mwake. Ndiyo, hata kichwa kuuma aandike. Asiyejua kuandika amweleze mtoto wake wa shule. Daftari hilo si la kumkamata mtu. Ni la kuonyesha hitilafu ikiwa bado ndogo.

KISA KILIISHAJE?

Mwenyekiti alisimama mbele ya wote akamwomba yule mama msamaha. Wakafungua kitabu cha mikutano, wakafuta faini, wakaandika sababu ya kufuta. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa limeharibiwa hadharani, walikubaliana kwamba jambo hili litangazwe pia Jumapili baada ya Misa, ili waliosikia uongo wasikie na ukweli. Hilo lilikuwa gumu kuliko kusafisha bruda.

Walitoboa matundu ya hewa siku hiyo hiyo. Vifaranga 156 waliobaki walikua, wakauzwa, na mkopo ukalipwa nusu. Nusu nyingine iliwachukua muda mrefu. Yule mama alirudi kwenye zamu baada ya wiki mbili. Siku hizi yeye ndiye anayewafundisha wanachama wapya kusafisha kichomeo, na hana mchezo na mtu anayeziba dirisha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, kitu kikiharibika tunaanza kuuliza "nini kimetokea?" au "nani amefanya?"
2. Nyumba yetu ya vifaranga ina upenyo wa hewa wapi? Twende tukaione sasa hivi pamoja.
3. Nani kati yetu anajua kupakaza sabuni kutafuta mvujo? Nani atafundishwa wiki hii?
4. Je, yuko mtu tuliyemhukumu bila kuchunguza? Tutafanya nini?

KAZI YA MWEZI HUU

Safisheni bruda yote, pimeni mtungi, kagueni mpira, na anzisheni daftari. Wasio na bruda waangalie jiko na chumba wanacholala: je, usiku kuna moto ndani na dirisha limefungwa? Somo ni lilelile.

Mungu awabariki, na awafunike ninyi na vifaranga wenu chini ya mabawa yake.